Chokaa ya Krismasi

"Samahani, Baba," Akaiti alisema, akachomeka pembe ya shuka chini ya godoro.

Alisema hivyo kila alipotandika, kwa sauti ya chini, maana kitanda chenyewe kilikuwa kaburi la baba yake. Kaburi la saruji, pana, limeinuka hadi gotini, mbele ya nyumba karibu na mchanga, kama yalivyo makaburi ya kisiwa kizima cha Rarotonga, mbele ya nyumba za wenyewe. Sasa kaka yake Nooroa alikuwa amelivika mbao nyekundu zilizopigwa msasa, juu ya mbao godoro jeupe, juu ya godoro mito yenye picha za kasa. Tangazo la wakala wa Auckland liliita nyumba yao vila, yenye kitanda cha kupungia upepo, mkabala na bahari. Marehemu hakutajwa. Nani atoe dola elfu mbili kwa usiku mmoja wa Krismasi, halafu alalie kifua cha maiti?

"Hiyo pembe ya kulia imekunjamana," Nooroa alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amevaa shati lake la maua, limepigwa pasi mpaka linang'aa. "Ndege yao imeshatua."

"Hapo ndipo miguu yake ilipo."

"Miguu ya nani?"

"Kaka, unajua miguu ya nani."

"Akaiti, mdogo wangu, usinianze. Leo si siku ya kuanzana."

Akaiti akainyoosha pembe. Kisha akachukua wavu wenye mpini mrefu, akaenda upande wa kushoto wa kaburi kuopoa majani katika jakuzi, lile bwawa dogo la maji ya moto yenye povu. Jakuzi hilo nalo lilikuwa na habari yake. Siku baba yao alipozikwa, mjane wake, Mama Upokoina, alisimama kando ya udongo mbichi, akapiga ardhi kwa mguu, akasema, "Na hapa ni pangu. Asije mtu akanipeleka kwingine." Mchungaji alisikia, majirani walisikia, Nooroa alisikia vizuri kuliko wote maana alikuwa amemshika mkono. Mwaka huu, mvua zilipokatika, Nooroa huyo huyo alileta katapila dogo akachimba pale pale. Eti ndipo palipokuwa tambarare, hapana mizizi.

Kisiwa kizima kilijua, isipokuwa mama. Mwanzoni mwa mwaka sukari ilimla mguu, ukakatwa juu ya kifundo, na tangu hapo dunia yake ilikuwa ni kile kijumba cha bati kule nyuma, kati ya mashamba ya magimbi, na benchi la kanisani Jumapili. Akiuliza habari za kaburi aliambiwa limezungushiwa ua wa maua ya tiare, hata kuku hakanyagi. Nooroa ndiye aliyetunga. Akaiti alikuwa anaitikia kwa kichwa, na kuitikia kwa kichwa ni kusema uongo bila kuchosha ulimi.

"Na Mama je?" Akaiti aliuliza. "Anataka chokaa yake."

"Atapaka baada ya Mwaka Mpya, wageni wakiondoka. Nitatoa mbao, nitatoa godoro, jakuzi nitalifunika kwa turubai na vyungu vya maua juu. Hataona kitu."

"Hupaka Krismasi, Kaka. Hajaruka hata mwaka mmoja."

"Basi mwaka huu Baba atavumilia. Marehemu hana haraka." Akachungulia saa. "Mito ile ipige-pige kidogo, imelala."

Akaiti akaipiga mito. Aliipiga kwa ngumi.

*

Jioni walikula magimbi na samaki wa tui, wote wanne kwenye kibaraza cha kijumba kile, nguruwe wakikoroma nyuma ya ukuta. Tepaeru, mke wa Nooroa, alikuwa na mdomo usiojua kupumzika.

"Wifi, nasikia wageni wetu wameleta masanduku tisa," alisema. "Wiki mbili tu! Masanduku tisa ya nini, na mchana kutwa wako uchi?"

"Ya kubebea uchi wenyewe," Akaiti alisema.

Mama Upokoina hakucheka. Alikuwa ameiweka sahani pajani na hajaigusa. "Nooroa," aliita, "chokaa umeninunulia?"

"Mama, si tulizungumza? Baada ya Mwaka Mpya."

"Ulizungumza wewe. Mimi nilikuwa nameza dawa." Akanyoosha kidole kuelekea baharini. "Yule mwanamume nimempa habari zake kila Krismasi nikiwa na brashi mkononi. Nani kaoa, nani kazaa, nani kaenda New Zealand hakurudi. Mwaka mzima wa habari umenijaa tumboni. Hata mguu wangu hajui kama umekatwa. Unataka ajue na nani? Na kaa wa mchangani?"

"Mama, wageni hawa si wa mchezo. Wamelipa."

"Wamelipia nyumba. Kaburi nalo wamelipia?"

Nooroa alitazama samaki wake. Tepaeru akainuka ghafla akaenda kuangalia nguruwe waliokuwa hawana shida yoyote.

"Mama, mkono mtupu haulambwi," Nooroa alisema mwishowe, kwa upole ule wa mtu anayekaribia kukasirika. "Kiti chako hicho cha magurudumu kimetoka wapi? Sindano zako je? Bati hili juu ya kichwa chako? Kila kitu kinatoka pale mbele. Siku kumi na nne za Krismasi zinatulisha kuliko miezi sita ya mvua. Wakitibuka wakaandika neno moja baya mtandaoni, tumekwisha. Mnataka nirudi kubeba mizigo bandarini na mgongo huu?"

Hapo palikuwa na ukweli, na ndiyo maana palikera. Sindano zilitoka pale kweli. Mama akalibonyeza gimbi kwa kidole kama anayepima kama limeiva.

"Mimi sijakukataza kula, mwanangu," alisema. "Nimeuliza chokaa."

*

Wageni walikuwa sita. Mwenye safari alikuwa bwana mmoja wa Sydney aliyeitwa Hollis, kifua chekundu kama kamba aliyechemshwa, na mkewe Felicity, na watoto wao wawili wa kiume, na marafiki wawili, mke na mume, waliokuwa wakicheka kila bwana Hollis alipocheka. Felicity alikuwa mtu wa tabasamu. Kila alichokitaka alikitaka kwa tabasamu, na alitaka mengi.

"Aki," alimwita Akaiti, kwa sababu jina lote lilimchosha, "yule jogoo. Hatuwezi kumfanyia chochote?"

Jogoo akachinjwa.

"Aki, ile harufu ya huko nyuma. Ni wanyama, siyo? Hawawezi kuhamishwa kwa muda?"

Nooroa na Akaiti wakawaswaga nguruwe watano na watoto wao hadi shamba la jirani, Nooroa akiwa na shati lake la maua, anapiga kelele, "Twende, twende, mabwana wakubwa wamelala!" Mtoto mmoja wa nguruwe alipotea, hakuonekana tena.

"Aki, wanaoimba kule kanisani. Ni wazuri mno. Wataimba mpaka saa ngapi?"

Hapo Nooroa alikwenda kumwona mchungaji. Alirudi masikio yamemwiva, asiseme alichojibiwa. Kesho yake kwaya iliimba kwa sauti mara mbili ya jana.

Akaiti alifua, akasugua. Kila asubuhi aliinua mito akakuta doa la mafuta ya jua pale kichwani pa baba yake, makombo ya biskuti, mara kitambaa cha kufutia pua, mara kipande cha kucha ya mguu. Aliviokota kwa vidole viwili. Katika jakuzi aliopoa plasta yenye damu, mkia wa kamba, nywele zilizoshikana, na yule mdogo wa wavulana akamwambia kwa furaha kabisa, "Mimi hukojolea humu. Maji yanakuwa ya moto zaidi." Akaiti alisimama na wavu wake. Mahali pa mama yake, jamani. Waswahili husema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, lakini mwosha angalau huosha mara moja akamaliza.

Siku moja alimkuta Felicity amelala kifudifudi juu ya kitanda kile, mgongo wazi, anakandwa na msichana aliyeitwa kutoka hoteli ya jirani. Msichana yule alikuwa wa hapa hapa kisiwani. Alijua. Alimwona Akaiti akainamisha macho, mikono yake ikaendelea kupanda na kushuka juu ya yule mwanamke.

"Ni pagumu kidogo," Felicity alisema, uso ndani ya mto. "Chini kuna nini, jiwe?"

"Jiwe," Akaiti alisema.

"Nooroa anasema ni jukwaa la kale. La machifu."

"Ndivyo anavyosema."

Felicity akacheka. "Nalihisi kabisa. Lina nguvu fulani." Kisha akakumbuka jambo, akainua kichwa. "Aki, sandiwichi zile za jana zimo kwenye friji. Nyingine zimeumwa pembeni kidogo tu. Mpelekee mama yako, usitupe."

Akaiti alisema asante. Alizitoa sandiwichi zile kwenye friji, akatoka nazo hadi nyuma ya ua, na kwa kuwa nguruwe walikuwa wamehamishwa, akarudi nazo mbele, akazitupa baharini. Samaki nao wakazisusa kwa muda kabla ya kuzila.

*

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi Nooroa alikuja na masanduku ya barafu kwenye pikapu.

"Godoro litoe," alisema. "Wanataka kula hapa nje. Felicity kasema jukwaa linafaa kwa meza."

Akaiti hakuelewa mara moja. Alipoelewa, aliketi juu ya sanduku la barafu. "Kaka. Kulala, sawa, watu hulala. Sasa na kula?"

"Mwenyewe kasema, mimi nifanyeje? Nimwambie nini?"

"Mwambie ni baba yetu."

"Tangu wiki iliyopita ni jukwaa la machifu, leo nimwambie ni baba yetu? Atanionaje?" Jasho lilikuwa linamtoka kwenye kidevu. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Zimebaki siku chache, Akaiti. Nisaidie, mdogo wangu. Nakuomba."

"Mwenyeji amepona. Na marehemu je?"

Lakini aliinuka. Hilo halina haja ya kufichwa: aliinuka. Alitoa godoro, akatandika kitambaa cheupe juu ya zile mbao nyekundu, akamwaga barafu, akapanga kamba, chaza, vipande vya nguruwe baridi, chupa za shampeni zimeegemeana. Kabla hajamaliza, barafu ilikwishaanza kuyeyuka. Maji yake, yenye rangi ya pinki na harufu ya kamba, yalipita katikati ya mbao na kudondoka chini, mle ndani gizani mlimokuwa na jina la baba yake limechongwa kwenye saruji. Akaiti aliinama akayasikia yakidondoka.

Alivua aproni, akaitundika kwenye mti wa Krismasi wa plastiki, akaenda zake.

"Aki!" Nooroa aliita. "Akaiti! Unakwenda wapi? Glasi je?"

*

Kule kijumbani Mama Upokoina alikuwa tayari. Alikuwa amevaa gauni lake jeupe la Jumapili na kofia yake ya ukili, ile ya kanisani iliyozungushiwa makombe madogo madogo. Ndoo ya chokaa ilikuwa chini ya kiti chake, imekwisha kukorogwa, na brashi imelala pajani.

"Chokaa umepata wapi?" Akaiti aliuliza.

"Nimempa mtoto wa shemasi kuku wangu wa mwisho. Anachinjwa leo kwa heshima zote, si kama jogoo wangu." Mama alimtazama usoni. "Mbona umekuwa kama umeona jini? Nisukume, tuwahi kabla jua halijakausha brashi."

"Kaka alisema baada ya..."

"Sikumwuliza kaka yako. Nakuuliza wewe."

Njia ya kwenda pwani ni ya mchanga wa matumbawe, magurudumu yalizama, Akaiti akasukuma kwa kifua. Mama alikuwa akifanya mazoezi ya habari zake kwa sauti ndogo: kwamba mguu umekatwa lakini hauumi, kwamba paa la kanisa limezibwa, kwamba yule binamu wa kisiwa cha Aitutaki ameoa tena, mzee mzima hana haya, kwamba Nooroa anafanya kazi sana na hali chakula vizuri.

"Mama," Akaiti alisema. Alisimama. "Kuna jambo sikukuambia."

"Mbona umesimama?"

"Hakuna ua wa tiare."

"Maua hufa," mama alisema. "Sukuma."

"Mama, si maua tu."

"Nitaona mwenyewe. Bado nina macho mawili, sikukatwa hayo. Sukuma, mtoto."

Akasukuma.

*

Walitokea kwenye pengo la uzio wakati chupa ya pili ikifunguliwa. Wageni wote sita walikuwapo, wakubwa wanne wamesimama kuzunguka kaburi na sahani mikononi, wavulana wawili ndani ya jakuzi wanarushiana maji. Nooroa alikuwa amebeba trei ya glasi. Alipomwona mama yake, glasi zile zilianza kugongana zenyewe.

Mama Upokoina alitazama nyumba yake. Akatazama mbao, kitambaa, kamba.

"Akaiti," alisema, "baba yako yuko wapi?"

"Pale, Mama. Chini ya barafu."

Mama hakupiga kelele. Mkono wake uliokuwa umeshika brashi ulishuka polepole. Kisha macho yake yakaenda kushoto, kama macho ya mtu anayetafuta kiti chake mezani.

"Na pangu?"

Mvulana mkubwa aliziba pua, akajitupa majini kwa matako, na maji yakaruka mpaka kwenye magurudumu ya kiti.

"Lo, mtazameni!" Felicity alisema kwa Kiingereza, ameshika kifua. "Kofia hiyo! Nooroa, umetuletea bibi! Ataimba?" Na simu ilikuwa imeshainuliwa. "Tulia hapo hapo, Mama, usisogee. Tabasamu. Nooroa, ni nani huyu?"

Nooroa alifungua kinywa. Alimtazama mama yake, akamtazama yule mwanamke, akatazama glasi.

"Ni jirani," alisema. "Ni mama mmoja jirani yetu."

Kiingereza cha Mama Upokoina kilikuwa kidogo, lakini neno hilo alilijua. Alilisoma katika Biblia ya Kiingereza ya mumewe, lile la mpende jirani yako. Sasa alilisikia likitoka kwa mtoto aliyemnyonyesha.

"Nisogeze kwenye lile shimo," alimwambia Akaiti.

"Mama..."

"Nisogeze, nimesema."

Wavulana walipoona kiti kinawajia wakatoka majini mbio. Mama alimpa Akaiti brashi. Alishika ukingo, akaweka mguu wake mzima majini, akasema, "Nishushe," na Akaiti akamshika makwapani akamshusha, na gauni jeupe likavimba juu ya povu. Wageni walicheka, si kwa ubaya, walicheka kama watu wanaoonyeshwa tamasha. Mama aliketi. Akanyoosha miguu, ule mzima na ule mfupi, akaegemeza kichwa ukingoni, kofia iko pale pale. Akapima kulia kwa kiwiko, akapima kushoto.

"Pananitosha," alisema kwa lugha ya nyumbani. "Umenichimbia vizuri, Nooroa. Hata maji ya moto umenitilia. Haya, mwanangu. Fukia."

"Mama, toka huko," Nooroa alisema. "Tafadhali. Usinitie aibu mbele za watu."

"Aibu? Nimekutia mimi? Fukia!"

"Anasema nini?" bwana Hollis aliuliza.

Nooroa aliramba midomo. "Anawatakia," alisema, "anawatakia Krismasi njema."

"Aaah!" Wote wakapiga makofi. Glasi zikainuliwa juu ya kaburi. "Na wewe pia, Mama! Krismasi njema!"

Akaiti alikuwa ameona mengi kwenye shughuli hiyo: kucha, nywele, mikojo, sandiwichi zilizoumwa. Lakini kinyaa chote alichowahi kukisikia kilikuwa kidogo mbele ya kile kilichomshika alipoutazama uso wa kaka yake, jinsi ulivyokuwa ukitabasamu.

"Mwongo," alisema kwa Kiingereza, polepole, kila mtu asikie. "Hakusema hivyo. Huyu ni mama yetu. Amesema afukiwe, kwa sababu hapo alipokaa ndipo kaburi lake. Alipachagua tangu zamani. Na hilo mlilolifanya meza ni la baba yetu. Yumo ndani. Wiki nzima mmemlalia, leo mmemwekea kamba."

Zikasikika zile mashine za jakuzi zikinguruma. Felicity alikuwa na kamba nusu mdomoni. Alimtema kwenye kitambaa, akakikunja kitambaa, akatafuta mahali pa kukiweka, akakosa. Mvulana mdogo akaanza kulia. Wale marafiki wawili walirudi nyuma hatua, kisha wakatazama chini kama walikokanyaga nako kuna mtu.

Bwana Hollis alijifuta vidole kimoja kimoja. "Hili lilipaswa kuandikwa kwenye tangazo," alisema. "Hili ni jambo la kuandikwa. Nooroa, nitalazimika kuuliza: mtatupunguzia kiasi gani?"

"Anasema nini?" Sasa aliyeuliza alikuwa mama.

"Anauliza watapunguziwa kiasi gani," Akaiti alisema.

Mama Upokoina aligeuza kichwa ukingoni, akamtazama mwanawe. "Mjibu."

Nooroa alitikisa kichwa.

"Mjibu, mwanangu. Baba yako anasikia. Yuko karibu, huna haja ya kupaza sauti."

Hapo angeweza kusema lolote. Angeweza kuwafukuza, angeweza kulia, angeweza hata kunyamaza. Lakini wiki nzima alikuwa ameishi kwa hofu ya wageni hao, na hofu ikizoea kujibu hujibu yenyewe.

"Asilimia ishirini," alisema.

Bwana Hollis akafikiri. "Thelathini," alisema.

Akaiti aliweka brashi chini. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, husema wahenga; yeye hakumpa mtu, alikwenda mwenyewe hadi stoo akachukua koleo. Alirudi, akaenda ukingoni ambako mchanga ni laini, akachota, akatupa majini upande wa mbali na mama yake. Akachota tena.

"Akaiti!" Nooroa alipiga ukelele. "Mashine! Unajua bei ya ile mashine?"

"Polepole, mtoto," mama alisema. "Usinichafulie kofia."

Mchanga ulitua, povu likawa la kahawia. Koleo la nne au la tano mashine zikakohoa, zikanuka mpira unaoungua, zikanyamaza. Ndipo sauti ya bahari ilipoweza kusikika pale kwa mara ya kwanza tangu wageni hao waje. Wavulana walikuwa wameingizwa ndani. Felicity alikuwa akisema na mtu kwenye simu, mgongo amewapa, anauliza kama kuna chumba mahali popote, popote pale.

Gauni la Mama Upokoina lilikuwa limemganda, matope yamefika kiunoni. Aliinua mikono miwili, lakini hakumwinulia Akaiti.

"Nooroa," aliita. "Njoo unitoe. Siku yangu utanishusha wewe, upende usipende. Leo jifunze kwanza kunibeba."

Nooroa alikuwa bado ameshika ile trei. Aligeuka kutafuta pa kuiweka, na mkono kwa mazoea ulikwenda moja kwa moja kwenye kaburi la baba yake, juu ya kitambaa cheupe, kando ya chaza. Ukafika pale ukasita. Glasi ziligongana. Akautoa mkono, akasimama na trei yake katikati ya kiwanja chote kile, hana pa kuitua, na mama yake amemnyooshea mikono.

Mwishowe alichuchumaa akaiweka chini kwenye majani, akaingia majini na viatu vyake.